Mkono Uliolala Usiachwe



Kijana anaanguka na bodaboda kati ya Bunda na Butiama. Bega linavutwa vibaya. Jeraha linapona, lakini mkono unabaki ukining'inia, na nyumbani watu wanasema, "Mkono umekufa." Sisi tunaona neno hilo husemwa mapema mno.

Mshipa wa fahamu ulioumia bila kukatika kabisa huweza kuota tena, kadiri ya milimita 1 kwa siku. Toka begani mpaka vidoleni ni safari ya zaidi ya mwaka mzima. Hapo ndipo familia nyingi huchoka. Huku nyuma viungo hukakamaa, na mkono usiosikia moto huungua jikoni bila mwenyewe kujua.

Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani wanatumia roboti zinazoushika mkono na kuukunja mara mamia, pamoja na miwani ya kompyuta inayomwonyesha mgonjwa mkono wake ukichukua kikombe. Si mchezo wa watoto. Ubongo ukikosa habari kutoka mkononi hujipanga upya, na kuona pamoja na kurudiarudia huusaidia. Nayo mashine haichoki, tofauti na shemeji.

Wazo la namna hiyo lakini lilikuwako kwa bei ndogo. Miaka ya 1990, Dkt. Ramachandran wa California alitumia kioo cha kawaida kwa watu waliokatwa mkono. Kioo husimamishwa katikati, mkono mzima hufanya kazi, na mgonjwa akitazama huona kana kwamba ule mwingine ndio unaojongea. Kioo cha namna hiyo kinapatikana sokoni Musoma.

Basi tusikae tukingoja roboti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akishaonyesha, mama, mke au kaka anyooshe vidole vile taratibu, asubuhi na jioni, bila kuvichua kwa nguvu.

Hata hivyo mazoezi hayaungi mshipa uliokatika. Aliyekatwa na panga vidole vikakosa nguvu asingoje hata wiki. Aliyevutwa bega, miezi 3 ikipita bila dalili, arudi hospitali, hata ikibidi Bugando, Mwanza, kwa maana msuli ulioachwa bila mshipa zaidi ya mwaka hudhoofu pasipo kurudi. Kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200, na nauli ni mzigo. Jumuiya zetu huchanga upesi kukiwa na msiba. Tunaomba zichange na nauli hiyo pia, kabla miezi haijapita.