Majani ya Kwanza ni ya Mtoto

Huku Katanga mvua ikianza tena mwezi wa 10, kila mwenye bustani anafurahi. Asubuhi majirani wanaitana: “Mama, njoo uone, lengalenga yangu imeota!” Furaha hiyo ni njema. Lakini baada ya majuma 4 wengine wanapeleka majani yote sokoni, na mtoto nyumbani anakula bukari na chumvi tu. Mimi naona hilo ni kosa. Lengalenga ina vitamini A. Mtoto akiikosa, haoni vizuri jioni, na mwisho anaweza kuwa kipofu. Basi, mpikie mtoto kwanza, utie mawese kidogo. Yanayobaki, uyauze. Na jirani asiye na mbegu, umpe.