Waundaji wa gemu za vita wakajifunze uasi kwa Football Manager

UKITAKA kuona uasi uliotengenezwa vizuri kwenye gemu, achana na gemu za vita. Fungua Football Manager. Mwahidi staa wako mkataba mpya, halafu mzungushe. Ataanza kununa peke yake. Kama ni kiongozi wa kikosi, baada ya muda washkaji zake nao wamenuna na kocha anatakiwa ajieleze. Mfumo huu wa viongozi na makundi ya vyumba vya kubadilishia nguo uliingia kwenye toleo la 2018, na yeyote aliyewahi kupoteza timu kwa sababu ya beki mmoja mkongwe anaujua moto wake.

Sasa nenda Europa Universalis IV, gemu ya kuteka mataifa iliyotoka 2013. Umeteka jimbo la watu, hasira yao inageuka namba. Kuna kipimo kinapanda kwa asilimia, mchezaji anakitazama kama saa ya uwanjani, anaegesha jeshi palepale. Kikifika 100 waasi wanaibuka, wanachapwa, jimbo linatulia kwa miaka. Rome II ya Total War ndiyo yaleyale: utulivu ukishuka hadi -100, jeshi la waasi linachomoza kama uyoga. Ni sawa na kucheza na timu inayokuambia mapema itashambulia dakika gani na kupitia upande gani.

Uasi wa kweli hauendi hivyo, na Watanzania hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kilichosambaza vita hivyo ni wajumbe waliobeba habari na dawa ya maji kutoka kabila moja hadi jingine. Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile Ngwale mapema Agosti. Kwenye gemu, hapo refa ameshapuliza filimbi ya mwisho. Kwenye historia, Agosti 30 boma la Mahenge lilivamiwa na maelfu ya watu, na Wangoni walikuwa hata hawajaingia vitani.

Tena watazame waliokaa nje. Wahehe walipigana na Wajerumani miaka ya 1890 hadi Mkwawa alipokufa 1898. Wenye kisasi kikubwa hivyo ungetegemea wawe wa kwanza kujiunga na Maji Maji. Hawakujiunga. Gemu inayohesabu hasira pekee haiwezi kutoa matokeo hayo hata ikichezwa mara 1,000. Inabidi ihesabu kumbukumbu ya kipigo, hofu, na nani anamwamini nani.

Upande wa mtekaji nako kuna pengo. Mjerumani aliitawala kusini kupitia maakida na majumbe. Hao ndio walikusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba. Hearts of Iron IV imejitahidi, tuseme ukweli. Tangu 2020 kila eneo linalokaliwa lina kipimo cha upinzani na cha utiifu, walinzi wanakufa, silaha zinapotea, na hata serikali ya vibaraka unaweza kuiunda. Lakini akida mwenye jina, mwenye ndugu kijijini, anayekula kodi yako na kesho anaweza kukugeuka, hayumo.

Halafu kuna bei ya kushinda. Wajerumani walimaliza vita kwa kuchoma mazao na maghala, njaa ikaua watu wengi mno, na mtawala akabaki na mapori palipokuwa na wakulima. Victoria 3, inayoanzia 1836 hadi 1936, inapita katikati kabisa ya miaka hiyo. Mchezaji anayechoma jimbo anapaswa kulikuta tupu miaka 20 baadaye.

Wapo watakaosema gemu itachosha, nani anataka kuzima moto usiku kucha? Mbona sasa hivi ndicho wanachofanya, kukimbiza waasi walewale kila baada ya miaka michache. Football Manager haikuletei mgomo kila wiki, ila ukija msimu mzima unayumba. Uasi mmoja katika miaka 50 ya gemu, ulioanzia kwa akida uliyempa cheo mwenyewe, unatosha.