Wenye Magari wa Mtwara, Tupime Mafuta Yetu

Ndugu zangu wa Shangani, Ligula, Chikongola na Mikindani, nanyi mnaokuja mjini kutoka Nanyamba na Msimbati, kila malipo ya korosho yakishaingia kupitia AMCOS, magari huongezeka barabarani kwetu. Harrier zinajaa, na siku hizi hata BMW X3 zilizotumika Japani. Mtu kujinunulia gari zuri kwa jasho lake ni haki yake. Ombi langu ni moja tu: kila mwenye gari apime mwenyewe, ajue linakula mafuta kiasi gani.

Tunaponunua tunakagua rangi, viti vya ngozi na kilomita zilizotembea. Kuhusu mafuta tunamwamini dalali, naye hututajia namba ya kiwandani. Namba ile hupatikana maabara, magurudumu yakizunguka juu ya roli. Katika kipimo cha JC08 kilichokuwa kikitumika Japani, kiyoyozi kilizimwa kabisa. Sisi joto la pwani halituruhusu kukizima. Safari zetu nyingi ni za sokoni na shuleni. Injini haijapata moto sawasawa, tumeshafika. Ukielekea Newala unakutana na mlima wa kupanda uwanda wa Makonde, na Msimbati inakusubiri kwa mchanga.

Kupima ni rahisi. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, kisha rudisha tripu kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tanki likaribie kwisha. Rudi sheli ile ile, jaza tena mpaka ikate, uchukue risiti. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Kilomita 400 kwa lita 50 ni kilomita 8 kwa lita. Sasa chukua bei ya Mtwara inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, igawanye kwa 8, utaona kila kilomita inavyokula shilingi zako. Kwa gari hilo, kilomita 20 za kwenda na kurudi ni lita mbili na nusu.

Ukishaijua namba yako, utajua pa kubana. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni. Wewe unayepunguza upepo ili upite mchanga wa Msimbati, jaza tena ukirudi kwenye lami. Safisha eya klina, maana vumbi letu ni jingi. Ukimsubiri mgonjwa nje ya Hospitali ya Ligula, zima injini, ukae kivulini. Barabara ya Masasi ikinyooka, punguza mwendo. Kadiri unavyokimbia ndivyo upepo unavyokukaba na injini inavyodai mafuta zaidi.

Majirani mnaofanya kazi ofisi moja, pandeni gari moja kwa zamu. Na unapouza gari, mpe mnunuzi daftari la vipimo vyako bila kuficha, kwa kuwa fedha anayokupa ni ada ya watoto wake.

Ukipita sheli wiki hii, jaza tanki, rudisha tripu sifuri, anza kuhesabu. Mwenzako anayetafuta gari akikuuliza lako linakulaje, mtajie namba uliyoipima.