Bunduki ya wenzo na jicho la miaka hamsini

Kila ifikapo Oktoba, huku kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania huzuka ubishi ambao mtu aliyekulia Urambo, kama mimi, mwanzoni anaweza kuuona wa bure: bunduki ya wenzo ifungwe darubini, au iachwe na vilengeo vyake vya chuma kama ilivyotoka kiwandani? Siuoni tena wa bure. Ninapima macho na kutengeneza miwani mjini Erie, na majani yanapoanza kugeuka rangi, wengi wanaokaa kwenye kiti changu ni wawindaji. Mwenyewe pia ninawinda, katika msitu wa taifa wa Allegheny, kwa Winchester 94 niliyopewa na baba mkwe wangu. Msimamo wangu hauwafurahishi wazee wa huku, lakini nausema wazi: hoja hapa ni jicho, wala si heshima ya bunduki. Jicho lililokwisha kuvuka miaka arobaini na mitano lipewe darubini ndogo, hata kama bunduki ni ya urithi.

Kwa ambaye hajaishika, hii ni bunduki yenye kitanzi cha chuma chini ya kifyatulio, ambamo vidole vinapita. Ukikisukuma mbele na kukirudisha, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia chemba. John Browning ndiye aliyeisanifu ile ya 1894 kwa kampuni ya Winchester, na mwaka uliofuata ikapata risasi ya .30-30, yenye baruti isiyotoa moshi. Zaidi ya milioni saba zilitengenezwa kabla kiwanda cha New Haven hakijafungwa mwaka 2006. Ina uzito wa kilo tatu hivi, ni nyembamba, na mtu huibeba kwa mkono mmoja akiishika katikati, pale inapojisawazisha. Sheria ya Pennsylvania hairuhusu kuwinda kulungu kwa raifali inayojipakia yenyewe, kwa hiyo hii ya wenzo, ambayo mkono wenye mazoea huipakia upesi, haijakosa wapenzi.

Wanaotetea chuma wana hoja za kweli, na ninaziheshimu. Winchester za zamani hutupa ganda juu, palepale ambapo darubini ingekaa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ilipogeuza njia ya ganda lichomoke kwa pembeni, aliyetaka darubini ilimbidi aifunge ubavuni, na shavu lake likakosa pa kuegemea. Marlin 336, iliyoingia sokoni mwaka 1948, haikuwa na taabu hiyo, kwani mgongo wake umefunikwa na ganda hutokea upande wa kulia. Lakini hata hiyo, kitako chake kilichongwa kwa ajili ya vilengeo vilivyo chini, karibu na mtutu. Ukiweka darubini unainua kichwa. Nyundo nayo inafichwa na darubini, hadi ufunge kijiti cha pembeni ili kidole gumba kiifikie. Tena ile sehemu ya kushikia unapotembea, ambayo ndiyo raha yote ya bunduki hii, inazibwa. Theluji inakaa kwenye kioo, pumzi yako inakifanya ukungu. Na katika vichaka vya laurel vya Allegheny kulungu huonekana akiwa mita 40 au 60, haonekani akiwa mita 300. Yote haya ni kweli.

Hoja hizo zote zinaitazama bunduki, ilhali anayelenga ni mtu.

Vilengeo vya kawaida vya chuma vinalidai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma ulio nusu mita hivi kutoka usoni, ncha ya mbele iliyo karibu mita moja, na mnyama aliye mbali. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuviona vyote vitatu vikiwa wazi kwa wakati mmoja. La kijana hudanganya: lenzi yake ni laini, inaruka kutoka karibu hadi mbali upesi kiasi kwamba mwenyewe hahisi. Kuanzia miaka arobaini lenzi inakakamaa. Kwenye hamsini, mwanya wa nyuma umekuwa kivuli chenye manyoya, na ncha ya mbele imepoteza ukingo wake. Miwani ya kusomea haisaidii, maana inamfuta mnyama. Ile yenye nguvu mbili au zaidi katika lenzi moja nayo haisaidii, kwa sababu ukilaza shavu kwenye kitako unatazama kupitia sehemu ya juu ya lenzi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbali. Mwindaji hufyatua akilenga kwa kukisia, na huwa hajui kwamba anakisia.

Matokeo yake nimeyaona kwenye majani: damu kidogo, ya rangi nyeusi, kisha hakuna. Kulungu aliyepigwa tumboni anaweza kwenda mbali na kufa baada ya saa nyingi, na usiku ukiingia na theluji ikaanguka, hapatikani. Sina uvumilivu na mtu anayeniambia kwamba hilo ni sehemu ya uwindaji, ilhali amekataa hata kupimwa macho.

Huwa nawakumbusha wateja habari za Theodore Roosevelt, maana wenyeji wa huku wanampenda na mimi natoka upande wa dunia alikokwenda kuwinda. Aliteremka Mombasa Aprili 1909 akiwa na umri wa miaka 50, akapanda treni hadi tambarare za Kapiti, na bunduki yake ya simba ilikuwa Winchester ya wenzo, ya modeli ya 1895, yenye risasi nzito za .405. Macho yake yalikuwa mabovu. Hakuona mbali bila miwani, na la kushoto lilikuwa limeharibiwa na ngumi aliyopigwa katika ndondi za mazoezi alipokuwa Rais wa Marekani. Katika kitabu chake cha safari ile hakuficha kwamba alikosa mara nyingi, wala kwamba aliwafuata wanyama aliowajeruhi. Watu husoma kurasa hizo wakaona ujasiri. Mimi kwa kazi yangu naona mtu wa miaka hamsini aliyevaa miwani ya mbali, anayejaribu kuupata mwanya wa chuma ulio karibu na pua yake. Darubini za wakati ule zilikuwa dhaifu na zilivuja maji, kwa hiyo hakuwa na njia nzuri zaidi. Sisi tunayo.

Kati ya chuma na darubini kuna njia ya tatu inayosahaulika: kilengeo cha tundu. Ni bamba dogo lenye tundu, linalofungwa karibu na jicho mahali pa mwanya wa nyuma. William Lyman alikuwa akivitengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Uzuri wake ni kwamba hulitazami tundu, unatazama kupitia humo, na jicho lenyewe linatafuta katikati bila kuambiwa. Vitu vitatu vinakuwa viwili. Kliniki nzima ya macho inaijua siri ya tundu: mgonjwa asiyeona vizuri tunamwekea kibao chenye vitundu vidogo mbele ya jicho, na herufi zikiwa wazi tunajua tatizo litatibika kwa lenzi. Kwa kijana, na kwa mtu mzima ambaye lenzi zake bado ni laini, hiki ndicho kilengeo ninachokipendekeza kuliko vyote kwa bunduki ya wenzo. Jua likishuka, unafungua na kutoa kisahani cha katikati chenye tundu na kubaki na pete pana, kwa sababu tundu jembamba linanyima jicho mwanga.

Walakini, ncha ya mbele bado inahitaji kuonekana. Wapo wateja niliowatengenezea miwani ya kuwindia tu, ambayo lenzi ya jicho la kulengea imeongezwa nguvu nusu dayopta juu ya kipimo chao cha mbali. Ncha inarudi kuwa kali, kulungu anafifia kidogo tu. Inafanya kazi vizuri mchana. Lakini sheria inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ndizo dakika ambazo kulungu hutembea. Hapo ncha nyeusi juu ya mnyama wa kijivu chini ya misonobari haionekani kwa mtu wa miaka sitini, uongeze nguvu uwezavyo.

Hapo ndipo darubini inapostahili, na iwe ndogo: ya kukuza mara mbili na nusu, au ile inayobadilika kati ya mara moja na mara nne. Ndani yake msalaba na mnyama viko kwenye umbali mmoja kwa jicho, kwa hiyo jicho lililokakamaa halina la kuchagua. Yenye kioo cha mbele cha milimita 20 ikikuza mara mbili na nusu inatoa duara la mwanga la milimita nane, pana kuliko mboni ya mzee yeyote. Zile kubwa za kukuza mara kumi na mbili, ninazoziona zikifungwa juu ya Marlin kama bomba la jiko, sioni kazi yake. Risasi za .30-30 kwa kawaida zina pua bapa kwa sababu hupangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na pua kali ingekaa juu ya fataki ya risasi iliyotangulia. Pua bapa hupoteza mwendo haraka. Kioo hakiwezi kurefusha mwendo huo.

Na kuna kosa moja la darubini ambalo siwezi kulinyamazia. Tangu 2002 Pennsylvania inamtaka mwindaji mtu mzima ahesabu ncha za pembe kabla ya kumpiga dume, na watu wengi wanahesabu kwa darubini ya bunduki. Maana yake mtutu wenye risasi unaelekezwa kwa chochote kinachotikisa kichaka, akiwemo binadamu. Anayefunga darubini kwenye bunduki na anunue nyingine ya kuning'iniza shingoni. Kama fedha zinatosha moja tu, basi anunue ya shingoni na abaki na chuma.

Mzee mmoja wa Uvira, jirani yetu hapa Erie, aliyewinda kwao kwa gobole, alininong'oneza: "Dada, kule nilipigaka nyama na macho yangu tu. Hiki kioo si kitanifanya mwoga?" Nilimjibu, "Mzee, wakati ule ulikuwa na miaka ishirini na mitano." Tulimfungia ya mara mbili na nusu kwenye Marlin yake. Tulikwenda uwanja wa shabaha na visahani vya karatasi, tukaanza mita 25, tukasogea nyuma hadi risasi moja ilipotoka nje ya kisahani. Ilikuwa karibu na mita 100, na huo ndio mpaka aliojiwekea.

Leseni ya uwindaji ya Pennsylvania humtaka mgeni wa kazi hii asome na afaulu mtihani wa usalama. Haimtaki mtu yeyote asome herufi ukutani, hata akiwa na miaka themanini. Sitangoja sheria ibadilike. Msimu wa bunduki unaanza Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, lenzi za kuagiza huchukua muda, na kujizoeza nazo kunachukua muda zaidi. Wasomaji walioko huku waje Agosti, na miwani wanayovaa msituni. Bunduki waiache nyumbani. Waje tu na kipimo, kwa sentimita, cha kutoka jichoni hadi ncha ya mbele, wakiwa wamelaza shavu.