Weusi wa Peni Haukuwa Uchafu



Mara nyingi sisi viongozi wa wanafunzi tunaandika hapa juu ya kuchelewa, juu ya kelele mu kilasi, na juu ya uniforme. Leo tunaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe. Hatuandike kwa kuomba musamaha tu, maana huo tuliisha kuuomba pale ulipopashwa kuombwa. Tunaandika kwa sababu tunafikiri kosa hili liko mu nyumba nyingi za Lubumbashi, na wewe unayesoma unaweza kulifanya kesho bila kujua.

Habari ni hii. Siku ya Pili moja, saa ya mapumziko, tulikuta watoto wa kilasi cha nane wamesimama mu duara nyuma ya jengo. Katikati yao binti mumoja alikuwa na kitu mu mukono. Tulipofika, wote wakanyamaza. Kwetu sisi viongozi, watoto wakisimama mu duara na makuta mu mukono, ile ni kamari. Hatukuuliza. Tulisema: « Leta hapa. » Akaleta.

Ilikuwa sarafu moja ya zamani, nyeusi, nzito, kubwa karibu sawa na kifuniko cha chupa ya limonade. Binti akasema polepole: « Ni ya kambo. Nilitaka kuonyesha mwalimu wa historia. » Hatukusikia. Ao tuseme kweli: tulisikia, lakini hatukusikiliza.

Magaribi mumoja wetu akasema tuangalie mwaka. Upande mumoja kulikuwa kichwa cha mufalme, upande mwingine mwanamuke anayekaa na mukuki na ngao. Chini tukaona 19, kisha 1, kisha kitu kama 8 ao 9. Kwa kushoto ya mwaka kulikuwa alama ndogo sana, sawa herufi. Tukatafuta ndimu na muchanga. Ikakataa. Tukachukua brosi ya chuma ya kusugulia masufuria. Kisha dakika kumi ikaanza kungaa sawa sufuria mupya, na sisi tukafurahi sana. Tulifikiri tutamurudishia mutoto kitu kizuri kuliko kile alitupa. Lakini ile alama pembeni ya mwaka haikuonekana tena. Ilikuwa imeisha kulika kwa uzee, na sisi tukaimaliza.

Siku ya Tano tukarudisha. Binti akaangalia, akageuza, akaangalia tena. Akalia bila kelele. Hapo njo tukajua kwamba tumeharibu.

Bwana wa disipline alisema: « Muliharibu pamoja, mutaenda pamoja. » Akatufikisha kwa kambo, kule Katuba. Mama kambo alitupatia viti, akatupatia maji, kisha akasema: « Bana bangu, hamukufanya mubaya kwa kupenda. Lakini ile weusi haikuwa buchafu. Ilikuwa ya mikono ya baba yangu. » Baba yake alifanya kazi Rhodesia akiwa kijana, kabla ya kuvuka kuja huku. Hii ilikuwa peni moja ya mushahara wake wa kwanza. Hakuitumia hata siku moja. Wakati alikuwa na mawazo, alikuwa anaisugua kwa kidole gumba mu mufuko, miaka na miaka, mpaka kufa kwake.

Tulirudi kwa miguu, hakuna mutu aliyesema neno.

Sasa tuseme ile tumejifunza, maana kuona haya tu hakujengi kitu. Mwalimu wa historia alitusaidia.

Kwanza, namna gani peni ya Waingereza ilifika huku kwetu? Reli ilifika Elisabethville, ndiyo kusema Lubumbashi yetu, mu mwaka wa 1910. Haikutoka Kinshasa wala baharini kwa upande wa magaribi. Ilitoka kusini, kutoka Rhodesia. Pamoja nayo walikuja watu wa kazi, nguo, unga, na feza. Kwa hiyo mu miaka ya kwanza ya muji huu feza ya Waingereza ilitembea sana hapa Katanga, hata kama bendera ilikuwa ya Wabelgiji. Peni 12 zilifanya shilingi moja, shilingi 20 zilifanya pauni moja. Hesabu hii Waingereza waliiacha tarehe 15 Februari 1971. Basi peni mu sanduku la kambo si kitu cha ajabu kilichopotea njia. Ni ushuhuda wa namna muji wetu ulizaliwa.

Pili, herufi zile. Mu miaka ya 1918 na 1919 nyumba ya kutengeneza sarafu ya London ilisaidiwa na makampuni mawili ya upande wa Birmingham. Moja, Heaton, iliweka H ndogo kwa kushoto ya mwaka. Ingine, Kings Norton, iliweka KN. Peni za herufi hizi ni chache kuliko zile bila herufi, na watu wanaokusanya sarafu wanazitafuta zaidi, zaidi sana kama hazijalika. Kuko tofauti zingine ndogo pia. Mu peni za 1902, kuko zile ambazo musitari wa bahari uko chini kuliko kwa zingine. Macho ya haraka hayaoni, lakini bei inaona. Na peni za mwaka wa 1933 zilitengenezwa chache sana, zingine ziliwekwa chini ya mawe ya musingi wa majengo. Zile zinazojulikana ni karibu saba tu mu dunia nzima. Mu mwaka wa 1970 wezi walichimbua jiwe la kanisa moja upande wa Leeds kwa kuiba peni ya namna hii.

Basi ile ya kambo ilikuwa ya namna gani? Hatutajua kamwe. Jibu lilikuwa limeandikwa, na sisi tulilifuta kwa brosi.

Lakini musikimbie sasa kufungua masanduku ya wazee! Mu matelefone munapita maneno kwamba kila feza ya zamani ya Waingereza inauzwa mamilioni ya dolari. Ni uongo. Peni za kawaida za wakati ule zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi zinauzwa kwa bei ya soda. Uzee peke yake haufanye sarafu kuwa na bei. Bei inatoka kwa uchache, kwa alama, na kwa hali yake. Tena sarafu iliyosuguliwa inapoteza bei mara moja, hata kama ilikuwa ya maana. Yule anayekuambia « tuma kwanza makuta ya transporti, kisha nitanunua peni yako » huyo ni mwizi, acha naye.

Tatu, na hii njo ilitupiga zaidi: tunasema juu ya sarafu za Waingereza, je, za kwetu tunazijua? Sisi wanafunzi wote tulizaliwa kisha mwaka wa 1998, wakati franka ya Kongo ilirudi. Tangu hapo tunatumia karatasi tu. Hatujalipa mukate hata siku moja kwa sarafu ya Kongo. Lakini zilikuwako! Zile za kwanza za mwaka wa 1887, za Léopold II, za shaba, na tundu katikati ya nyota. Zile franka za miaka ya 1920, zenye muti wa ngazi, za namna mbili: zingine zimeandikwa kwa Kifaransa, zingine kwa Kiflama. Ile ya franka 2 ya mwaka wa 1943, yenye pembe sita na tembo. Ilitengenezwa Philadelphia kule Marekani, kwa sababu Ubelgiji ulikuwa mu mikono ya Wadachi. Zile za Katanga za 1961, franka 1 na franka 5, zenye ndizi upande mumoja na musalaba wa shaba upande wa pili. Na sengi 10 na likuta za 1967, wakati zaire moja ilikuwa franka elfu moja. Leo tunasema « sina makuta », na hatujaona likuta hata moja kwa macho.

Na ule musalaba wa shaba wenyewe? Watu wengi wanafikiri ni alama ya bendera tu. Hapana. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya wazee mu 1957 na 1958, na tena mu miaka ya 1970. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na wafu, ingine juu ya kifua, ingine karibu na mikono. Mu makaburi ya mbele misalaba ni mikubwa na michache. Mu yale ya nyuma ni midogo, ni mingi, na inafanana kwa kipimo, kwa hiyo wataalamu wanafikiri ilikuwa imeanza kutumika kama feza. Ndiyo kusema karne nyingi mbele ya Léopold, hapa watu walijua kuyeyusha shaba na kuhesabu mali kwa shaba. Lakini leo musalaba wa kweli unaweza kufika kwa mizani ya wanunuzi wa vyuma na kulipwa kwa kilo, pamoja na vipande vya waya. Na misalaba mingi inayouzwa kwa wageni imetengenezwa juzi tu.

Sasa mawazo yetu. Mu mukutano wetu tuligawanyika. Wamoja walisema: « Masomo yafungue kabati, kila mwanafunzi alete sarafu ya nyumbani, tuziweke pale. » Wengine, na mwisho wao ndio walishinda, walisema hapana. Sarafu ya kambo si ya masomo, tena si ya mjukuu. Kabati linavunjika, viongozi wanabadilika, ufunguo unapotea. Na sisi tuliisha kuonyesha namna tunachunga vitu vya watu!

Mumoja alisema pia: « Ninyi munasema historia, lakini njaa haisome historia. Mutu akikosa minervale, ataacha kuuza? » Ni neno la kweli, hatuwezi kulicheka. Tunajibu hivi: kama jamaa inataka kuuza, ni haki yake. Lakini auze mwenyewe mali, si mutoto kwa siri. Na asiuze mbele ya kujua ni kitu gani, mbele ya kuuliza watu wawili ao watatu, na asipeleke kwa mizani ya kilo. Njaa inaweza kutulazimisha kuuza, lakini haitulazimishe kuuza bila kuuliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane.

1. Kitu chochote sisi viongozi tunakamata, kiandikwe mu kitabu mbele ya mwenyewe na mushahidi mumoja, kiwekwe mu bahasha, kisiguswe, na kipelekwe kwa bwana wa disipline siku ile ile. Na mbele ya kukamata, tuulize, tena tusikilize jibu. Bwana Prefe aliisha kukubali.

2. Hakuna kusafisha sarafu ya zamani. Si ndimu, si muchanga, si majivu, si brosi. Uishike kwa pembeni, uiweke mu karatasi kavu, basi.

3. Tuanze kitabu kimoja cha kilasi cha historia. Tusikusanye sarafu, tukusanye habari zake. Mwanafunzi amuulize muzee wake kwa heshima, achore pande mbili, aandike mwaka, maneno, kipimo, na zaidi: nani aliipata, wapi, kwa kazi gani. Kisha sarafu irudi palepale ilitoka.

4. Tuombe ruhusa ya kutembelea Musée ya Lubumbashi, kilasi kwa kilasi, kwa kuona kazi ya wazee wetu kwa macho yetu.

Mu Injili ya Luka tunasoma juu ya mwanamuke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta mpaka kuiona. Sisi tulifanya kinyume: ilikuwa mu mukono wetu, na tukaipoteza bila kuiangusha.

Mwaka huu sisi finalisti tutafanya Egzameni ya Eta, kisha tutatoka. Wengine watashika kazi hii ya uongozi. Tunawaachia kitabu cha kuandikia vitu, kiko tayari, na ukurasa wa kwanza tumeujaza sisi wenyewe: « Peni moja, ya mwaka wa 1918 ao 1919, mali ya kambo wa mwanafunzi wa kilasi cha nane. Iliharibiwa na viongozi. » Binti aliisoma, akakubali, akaweka sinyature yake chini.

Mama kambo alituma neno kwetu wiki iliyopita. Anasema peni imerudi mu kitambaa chake, na kila magaribi anaisugua kidogo kwa kidole gumba. « Itakuwa nyeusi tena, alisema, lakini sasa itakuwa ya mikono yangu. »

Mubaki na amani, na mufanye kazi vizuri.

Sisi viongozi wa wanafunzi.