Nakili Kwanza, Ndio Usasishe

Ndugu zetu wa Faza na Kizingitini, pesa zenu hazikai ndani ya simu. Simu ikizama njia ya Mokowe, salio liko palepale. Laini hurudishwa kwa kitambulisho. Kinachopotea ni namba za wateja, picha na meseji za madeni ya samaki. Kwetu sisi, hiyo nayo ni mali.

Wengi huahirisha kusasisha simu wakiogopa kupoteza vitu. Hofu ina msingi: chaji ikikata katikati, simu yaweza isiwake tena. Lakini dawa si kuahirisha. Nakili namba na picha kwenye akaunti yako ya Google, jaza chaji, ndio usasishe. Fundi akusaidie, sawa, ila PIN usimpe, hata akiwa mjomba.