Jimbo Jipya Likiundwa Marekani, Viti vya Wawakilishi Hutoka Wapi?

Mjadala wa kuifanya Washington, D.C., au Puerto Rico kuwa jimbo kamili la Marekani huelezwa zaidi kama suala la haki za wakazi wa maeneo hayo. Hata hivyo, suala hilo linayagusa pia majimbo yaliyopo, kwa kuwa jimbo jipya ni lazima lipewe viti bungeni.

Katika Seneti hakuna ugumu. Katiba inalipatia kila jimbo maseneta 2, hivyo jimbo likiongezeka, maseneta nao huongezeka. Hali ni tofauti katika Baraza la Wawakilishi, ambalo viti vyake hugawanywa upya kwa kuzingatia idadi ya watu kila baada ya sensa ya miaka 10, na jumla ya viti hivyo huwekwa na sheria.

Sheria ya mwaka 1911 iliweka viti 433, pamoja na nafasi ya kiti kimoja kimoja kwa Arizona na New Mexico endapo zingekuwa majimbo. Zilipojiunga mwaka 1912, nyongeza hiyo ikawa ya kudumu na jumla ikafikia 435.

Mwaka 1959 utaratibu ulibadilika. Alaska ilikuwa jimbo mwezi Januari na Hawaii mwezi Agosti, kila moja ikapewa kiti 1 cha muda, na Baraza likawa na viti 437. Kwa sababu hiyo, Rais wa mwaka 1960 alichaguliwa na wajumbe maalumu 537. Baada ya sensa ya mwaka huo, jumla ilirejea 435 kuanzia mwaka 1963. Alaska ilibaki na kiti 1 na Hawaii ikapata 2, hivyo majimbo 48 ya awali yakagawana viti 432. Nyongeza ya muda haikuyaondolea majimbo hayo gharama, iliiahirisha tu.

Gharama hiyo ingekuwa kubwa zaidi leo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 3,285,874 Puerto Rico, wakati wastani wa kila kiti ulikuwa watu wapatao 761,000. Kwa hesabu hiyo, Puerto Rico ingestahili takriban viti 4, ambavyo vingetoka katika majimbo mengine iwapo jumla isingeongezwa.

Kwa upande wa Washington, D.C., yenye wakazi 689,545 kwa sensa hiyo hiyo, muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Aprili, 2021 kwa kura 216 dhidi ya 208 ulipendekeza viti 436 vya kudumu. Seneti haikuupitisha.

Hivyo basi, muswada wa aina hii unapowasilishwa, kifungu cha idadi ya viti kinastahili kusomwa kwa makini sawa na kile kinachotangaza jimbo jipya. Humo ndimo huamuliwa iwapo uwakilishi wa wananchi wapya utaongezwa, au utapunguzwa kutoka kwa wengine.